Umesema, hawakusikia: mwongozo kamili wa kujenga sauti yako kikaoni kwa kusikiliza

Wanawake na vijana ninaokaa nao kwenye vikundi vya hisa, yaani vya kuweka akiba na kukopeshana, hapa Kigoma, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, huniletea lalamiko moja. "Nilisimama nikasema, wakanyamaza. Baadaye mzee mmoja akasema lilelile, wakapiga makofi." Wengine walijaribu kupaza sauti wakaitwa wakali. Wengine wameacha kabisa: wanakuja, wanalipa hisa, wanarudi nyumbani na maneno yao kifuani.

Nimeona makosa yaleyale yakirudiwa mara nyingi, na karibu yote yanaanzia mahali pamoja. Mtu anajiandaa kusema, hajiandai kusikia. Njia ninayoieleza hapa inachukua wiki sita hivi. Haidai elimu kubwa wala sauti nene. Inadai usikilize kama kazi, kalamu ikiwa mkononi.

Nitafuata mfano wa dada mmoja muuza dagaa, kwa sababu nilikuwa karibu naye tangu mwanzo hadi mwisho na niliona alipokwama.

## Vitu utakavyohitaji

- Daftari moja la kurasa nyingi (kaunta buku dogo linatosha) na kalamu mbili.
- Simu yenye kurekodi sauti. Kama huna, azima kwa nusu saa tu. Utaihitaji kwenye hatua ya 4.
- Mwenza mmoja wa mazoezi. Asiwe mume, mke wala bosi wako. Awe mtu anayeweza kukwambia "hapo umekosea" bila nyinyi kununiana.
- Katiba ya kikundi chako, uisome mwenyewe. Wengi wanabishana juu ya kanuni ambazo hawajawahi kuzisoma.
- Vikao vitatu mfululizo ambavyo una uhakika wa kuhudhuria.

Kabla hujaanza, neno moja zito. Njia hii ni ya mahali ambapo watu wanakupuuza. Siyo ya mahali unapopigwa au kutishwa. Kama hofu yako ni mkono wa mtu nyumbani, usijaribu kumsikiliza zaidi; nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto.

## Hatua ya 1: Chagua kikao kimoja na jambo moja

Usijaribu kujenga sauti kanisani, kwenye kikundi, kwa wakwe na ofisini kwa pamoja. Chagua kikao kimoja, na ndani yake jambo moja linalokuuma. Liandike kwa sentensi fupi.

Kikundi cha dada yetu kina watu 25. Hisa moja ni shilingi 2,000, na katiba yao inamtaka kila mwanachama anunue angalau hisa mbili kila Jumamosi. Asiyefikisha anatozwa faini ya 500. Sasa, dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa, na kwa siku kumi hivi kila mwezi mitumbwi mingi hulala nchi kavu. Wauza dagaa hawana cha kuanika wala cha kuuza, lakini Jumamosi inafika palepale. Kila mwezi wanatozwa faini wao, siyo wauza mawese wala wenye genge.

Sentensi yake ya kwanza aliiandika hivi: "Faini ifutwe." Ishike hiyo, tutairudia.

Onyo: usiunganishe mambo mawili. Ukisema faini na pia viti vibovu, kikao kitajibu viti.

Utajua umefaulu: mtume mtoto akamwambie jirani sentensi yako. Akifikisha bila kupunguza kitu, imekaa sawa.

## Hatua ya 2: Kaa vikao viwili bila kutoa hoja

Hapa ndipo wengi wanakataa. "Nimenyamaza miaka mitatu, unaniambia ninyamaze tena?" Hapana. Miaka mitatu ulinyamaza ukiwa umeumia. Safari hii unakusanya.

Gawa ukurasa wa daftari mara tatu: *Nani*, *Maneno yake*, *Anachokilinda*. Safu mbili za kwanza zijaze palepale kikaoni. Ya tatu ijaze nyumbani, ukiwa umetulia.

Kwenye safu ya pili andika maneno ya mtu kama alivyoyatoa mdomoni, usiyafupishe. Mweka hazina akisema "sanduku likipwaya, mikopo itasimama", andika *likipwaya*. Usiandike "anapinga". Neno alilolichagua ndilo mlango wa kuingilia, na utalihitaji wiki tatu baadaye.

Hivi ndivyo ukurasa wa dada yetu ulivyokuwa baada ya kikao cha kwanza:

*Mweka hazina.* "Sanduku likipwaya, mikopo itasimama." Anachokilinda: jina lake. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, marejesho yalisuasua, na maswali yote yalielekezwa kwake.

*Bibi wa mawese.* "Sheria ni sheria, tulikubaliana wote." Anachokilinda: hapa dada aliweka alama ya kuuliza. Alifanya vizuri. Usipojua, acha wazi, usibuni.

*Kaka wa bodaboda.* Hakusema kitu. Faini ilipotajwa aliinamia simu, na simu ilikuwa imezima.

Huyo wa tatu ni wa muhimu kama hao wawili. Andika na wanaonyamaza.

Pia angalia neno linavyosafiri. Kabla mwenyekiti hajaamua, anamtazama nani? Nani akisema "basi tuendelee" watu wanaendelea kweli? Mara nyingi siyo mwenyekiti. Kwenye kikundi hiki alikuwa bibi wa mawese, ambaye hana cheo chochote.

Onyo: usiandike kwa kujificha. Ukiulizwa, sema kweli: "Naandika nisisahau yaliyosemwa." Na kura piga kama kawaida, ukiulizwa jambo jibu. Usijigeuze jiwe.

Utajua umefaulu: unaweza kuieleza hoja ya mtu unayempinga kwa namna ambayo yeye mwenyewe angesikia na kusema "sawasawa". Kama bado unaieleza kwa kejeli, rudia kikao kingine.

## Hatua ya 3: Jifunze kurudisha maneno

Ukiwa na muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii.

Kurudisha maneno ni kumwambia mtu kile ulichokisikia kutoka kwake, kwa ufupi na kwa haki, kisha kumwachia asahihishe. Kunasikika rahisi. Sijamwona mtu aliyeweza siku ya kwanza.

Zoezi ni hili. Mwenza wako anazungumza dakika tatu juu ya jambo linalomsumbua kweli. Wewe huulizi, huongezi, husemi "hata mimi". Akimaliza, hesabu kimoyomoyo mpaka tatu, kisha rudisha ukianza na "Kwa hiyo..." au "Nimesikia kwamba...". Malizia kwa kuuliza: "Ni hivyo?" Akisema "siyo hasa", mwache aeleze upya, rudisha tena.

Kwa nini kuhesabu mpaka tatu? Kwa sababu mara nyingi mtu husema lililo zito baada ya kudhani amemaliza. Ukiwahi, umelifunga ndani.

Dada alifanya zoezi hili na jirani yake mwenye genge, mama aliyemzidi umri. Nilikaa nao kibarazani. Mama alikuwa anamenya vitunguu. Akasema:

"Mdogo wangu, genge halinichoshi. Kinachonichosha ni watu kukopa nyanya, halafu wakapita njia ya nyuma nisiwaone."

Dada akajibu haraka: "Si uwakatalie tu, dada? Mwenye hela anunue, asiye nayo apite."

Mama akasema "Ndiyo," akaendelea kumenya. Mazungumzo yakaishia hapo, na vitunguu vikawa na maana kuliko sisi.

Nikamwomba dada arudie. Safari hii akahesabu, midomo imefungwa. Kisha: "Kwa hiyo deni lenyewe unalivumilia, dada. Kinachokuuma ni kwamba wanakukwepa. Ni hivyo?"

Kisu kikawekwa chini. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. "Eeh. Hapo. Maana hao ni watu tunaozikana. Mama yangu alipofariki wao ndio waliolala nje kwangu siku tatu. Leo ananikwepa kwa nyanya za elfu moja."

Tazama kilichotokea. Dada hakutoa ushauri, hakuchangia hadithi yake, hakusifu. Alisema sentensi mbili na swali. Na mama akatoa jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Hiyo "eeh, hapo" ndiyo unayoitafuta. Kila mtu ana yake: "hasa", "umenipata", "ndiyo maana nasema". Inakuja na mwili: mabega yanashuka, mkono unaacha kazi, macho yanakuja kwako.

Makosa matatu yanarudi kila mara. La kwanza ni ushauri, nimelionyesha. La pili ni kusema "nakuelewa" na kuishia hapo. Neno hilo halimwonyeshi mtu kitu, na mtu aliyezoea kupuuzwa halimdanganyi. La tatu ni ukasuku, yaani kurudisha neno kwa neno bila kugusa kiini. Mwenza wako ataona unamwigiza na atakasirika, na ana haki.

Onyo: kurudisha siyo kukubali. Unaweza kurudisha kwa haki maneno ya mtu, kisha ukampinga. Wanaochanganya haya mawili huogopa kusikiliza, wakidhani kumsikia mtu ni kushindwa naye.

Utajua umefaulu: umeipata ile "hapo" mara tatu kwa siku tatu tofauti. Usivuke hatua hii kabla. Wanaovuka wanakwama kwenye hatua ya 5 na kulaumu watu.

## Hatua ya 4: Isikilize sauti yako mwenyewe

Rekodi dakika mbili ukieleza jambo lako kana kwamba uko kikaoni. Sikiliza ukiwa peke yako.

Utashtuka, sauti itaonekana siyo yako. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu: unapozungumza, unaisikia sauti yako kupitia hewa na pia kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa huiongezea uzito. Rekodi ina ile ya hewani tu, ambayo wenzako wameizoea siku zote. Hakuna kilichoharibika.

Sikiliza mara ya pili ukiwa na kalamu, uhesabu mambo haya:

1. Maneno ya kujishusha mwanzoni: "mimi sina mengi", "samahani kama nakosea", "labda ni mimi tu". Yakate yote. Adabu inakaa kwenye salamu na kwenye kumshukuru mwenyekiti. Haidai ujifute.
2. Mwisho wa sentensi unaomezwa. Wengi wetu tunashusha sauti kwenye neno la mwisho, na mara nyingi neno la mwisho ndilo hoja yenyewe.
3. Mwendo. Ukikimbia, wasikilizaji wanasikia woga kabla hawajasikia maneno.

Sauti ikitetemeka, tatizo liko kwenye pumzi. Ukiogopa unavuta hewa juu juu na kuizuia. Kabla ya kusema, toa hewa yote kwanza, kisha iache iingie yenyewe mpaka tumboni. Ndipo uanze. Fanya mazoezi nje, mwenza akiwa hatua kumi na tano kutoka kwako, kwa sababu vikao vyetu vingi hukaa chini ya mwembe na upepo wa ziwani huchukua maneno. Akilisikia neno la mwisho la kila sentensi, inatosha.

Kitu kimoja usikiguse: lafudhi. Nimekutana na Waha, Wabembe na Wamanyema wanaojikunja wakidhani Kiswahili chao hakitoshi, kwamba lazima waongee kama mtangazaji wa redio ndipo wasikike. Inaniuma sana kuliona hili. Watu wa kikao chako wanaongea kama wewe. Ukijigeuza, wataisikiliza sura mpya badala ya hoja.

## Hatua ya 5: Zungumza nao mmoja mmoja kabla ya kikao

Hoja nyingi hupita au kufa kabla kikao hakijafunguliwa. Wanaosikika wanalijua hili, hata kama hawalisemi.

Chagua watu watatu kutoka kwenye daftari: yule ambaye kikao humtazama, yule anayepinga, na yule anayenyamaza. Watatu tu. Ukiwapitia wote ishirini na tano, hiyo ni kampeni, na itanuka kama kampeni.

Nenda kwa wakati wao. Anayeanika dagaa mfuate asubuhi kwenye kichanja, ukiwa tayari kusaidia kutandaza. Mikono ina kazi lakini mdomo uko huru. Usiende na zawadi. Na salamu usizikimbize. Kwa mzee wa Kiha anza na "Mwakeye" kama ni asubuhi au "Mwidiwe" jua likishapanda, kwa mikono miwili na mwili ulioinama kidogo, kisha ungoje akuulize habari za nyumbani moja baada ya nyingine. Kijana anayetaka kuruka salamu ili afike kwenye jambo lake amekwisha kusema jambo moja tayari: kwamba mwenzake ni ngazi.

Dada alimwendea kwanza bibi wa mawese, yule wa alama ya kuuliza. Alimkuta anachuja mafuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na mguu wa kheri?"

"Wa kheri, bibi. Nimekuja kuuliza, sikuja kuomba kura. Ulisema sheria ni sheria, tulikubaliana wote. Nilitaka nikuelewe vizuri."

Bibi akachuja kimya muda mrefu. Dada akahesabu, na tatu haikutosha. Anasema alifika ishirini. Kisha bibi akasema: mwaka uliopita mjukuu wake alilazwa hospitali wiki mbili. Jumamosi zote mbili alinunua hisa zake. Ya pili aliuza dumu la mawese kwa bei ya kutupa ili asikosekane. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyemwambia pole.

"Kwa hiyo, bibi, faini ikifutwa leo itakuwa kama ule uchungu wako haukuhesabiwa. Ni hivyo?"

"Hapo, mwanangu. Hapo hasa."

Jioni ile dada alifungua daftari, akaikata ile sentensi "Faini ifutwe". Sikumwambia mimi. Aliona mwenyewe kwamba angeisimamia, angekuwa amemtukana mwanamke ambaye kikao kizima humtazama, bila kujua kwa nini wote wamenyamaza.

Aliporudi kwa mweka hazina hakuwa na hoja tena, alikuwa na swali: "Dada, ni kiasi gani kikiingia kwa mwezi sanduku halipwayi?" Wakapiga hesabu pamoja. Hisa mbili kwa Jumamosi nne ni hisa nane, yaani 16,000 kwa mtu, na 400,000 kwa watu 25. Mweka hazina alikuwa analinda ile jumla ya mwezi. Hakuwa na haja na Jumamosi moja moja.

Hapo ikapatikana hoja mpya: wauza dagaa wanunue hisa moja kwa Jumamosi mbili za mbalamwezi, na hisa tatu kwa Jumamosi mbili za giza. Moja, moja, tatu, tatu: nane zilezile. Faini inabaki kwa asiyefikisha kima cha wiki husika. Asiyeuza dagaa anabaki na mbili zake. Na msiba au ugonjwa nao upewe nafasi ya kusogeza hisa, kwa mwanachama yeyote. Hicho cha mwisho kilitoka kwenye mafuta ya mawese ya bibi.

Wa tatu alikuwa kaka wa bodaboda, aliyenyamaza. Alimwambia dada kitu kimoja tu: "Nani atasema Jumamosi hii ni ya mbalamwezi? Mtagombana." Swali hilo lingeizamisha hoja. Jibu dada alilipata kwa mzee mmoja wa Ujiji: kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa ukutani. Tarehe zake hufuata mwezi wa angani, na mbalamwezi kamili huangukia tarehe 14 au 15 ya kalenda hiyo. Jumamosi mbili zilizo karibu zaidi na tarehe hiyo ndizo za hisa moja. Hakuna wa kugombana na mwezi.

Onyo: maneno ya huyu usimpelekee yule. Sema "wapo wanaoona hivi", usitaje jina. Siri ya bibi ni ya bibi. Mimi nimeiandika kwa ruhusa yake na bila jina. Ukivujisha mara moja, hakuna mlango utakaofunguka tena.

Utajua umefaulu: hoja yako imebadilika. Kama umezungumza na watu watatu na sentensi yako iko vilevile, hukusikiliza, ulikuwa unatangaza.

## Hatua ya 6: Siku ya kikao

Siku mbili kabla, mwambie katibu jambo lako liingie kwenye ajenda. Usiliache kwenye mengineyo. Likifika mengineyo watu wameshabeba mikoba na watoto wanalia. Mwenyekiti naye apate habari mapema, asishtukizwe mbele za watu.

Kaa mahali ambapo mwenyekiti na katibu wanakuona uso. Usikae mlangoni.

Ajenda yako ikishasomwa, usiwe wa kwanza kusema. Waache wawili watatu waseme. Kisha nyoosha mkono, simama, toa hewa, anza. Unahitaji sehemu nne tu:

- rudisha lililosemwa;
- taja ambacho wote mnakilinda;
- toa pendekezo lenye namba;
- uliza swali, kisha kaa.

Dada alisema hivi, nilikuwepo:

"Ahsante mwenyekiti. Nimesikia mambo mawili hapa. Kwamba sanduku lisipwaye, na kwamba waliolipa wakati wa shida wasionekane wajinga. Nadhani hakuna anayepinga hayo. Napendekeza wauza dagaa tununue hisa moja wiki mbili za mbalamwezi, na tatu wiki mbili za giza. Jumla ni nane, ileile. Na mwenye mgonjwa au msiba, awe nani, aruhusiwe kusogeza hisa zake kwa mwezi huo. Mweka hazina, kwa hesabu hiyo sanduku litapwaya?"

Akakaa. Haikufika dakika moja.

Angalia neno *kupwaya*. Ni la mweka hazina, lilikaa kwenye daftari tangu kikao cha kwanza. Na jambo la mgonjwa, bibi alilisikia na hakutajwa.

Onyo: ukishauliza, usiongeze. Kimya kitakachofuata kitakuwa kirefu na utatamani kukijaza. Kiache kiende kwa wenyewe.

## Hatua ya 7: Ukikatizwa, au hoja ikichukuliwa

Ukikatizwa, usipandishe sauti. Nyamaza, mtazame mwenyekiti, useme: "Mwenyekiti, naomba nimalize sentensi moja." Sentensi moja, na iwe kweli moja.

Mtu akirudia hoja yako kama yake, usimwambie ameiba. Sema: "Namshukuru kaka kwa kuunga mkono pendekezo nililolitoa. Naomba niongeze..." Wote wamesikia. Hajaaibishwa na wewe hujafutwa.

Hoja ikikataliwa, uliza kitu kimoja: "Ni kipi kingebadilika ndipo ikubalike?" Andika jibu. Umepata kazi ya mwezi ujao.

## Kama kikao chako ni mkutano wa kijiji

Hatua ni zilezile, ila ujue haki yako kabla hujafika. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Huji kwa hisani ya mtu. Unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu; ukiona miezi sita imepita, swali lako la kwanza ni kwa mtendaji: lini?

Jambo la ardhi lina mlango mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Kama baraza lenu halina hao watatu, hiyo ni sentensi fupi ya kutosha kwa hatua ya 1.

Mkutano wa kijiji ni mkubwa, kwa hiyo hatua ya 5 ina uzito mara mbili. Usiwafuate viongozi peke yao. Kila kitongoji kina mtu ambaye watu humtazama, na mara nyingi yuko kisimani au kwenye kahawa.

## Hatua ya 8: Hakikisha imeandikwa

Lililoamuliwa bila kuandikwa litasahaulika, au litakumbukwa kama la mtu mwingine. Kabla hamjafunga, mwombe katibu asome alichoandika kuhusu ajenda hiyo: uamuzi, namba, na aliyependekeza. Kama unabadilisha kanuni ya katiba, hakikisha mmefuata utaratibu wa katiba yenyewe wa kurekebisha.

Jumamosi iliyofuata, katibu wa kikundi kile alisoma muhtasari. Aliposoma "hisa moja kwa wiki za mbalamwezi", bibi wa mawese alimwambia asimame kidogo, arudie ile ya mwenye mgonjwa. Akarudia. Bibi akasema, "Eeh, endelea."

Wewe rudi nyumbani, fungua ukurasa mpya wa daftari. Juu yake andika jina la mtu ambaye hajasema kitu kwenye kikao hicho tangu ulipoanza kuandika, na asubuhi nenda ukamsalimie.